Mchango wa operesheni tunatoa, wa fizio nani atatoa?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme kitu kuhusu hawa vijana wetu wa raga wanaoumia, maana naona tunapenda sana ile siku ya kijana kurudi uwanjani, watu wanapiga vuvuzela wengine wanalia, lakini ile miezi ya katikati, ya kwenda kwa fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya kurudisha nguvu ya mwili, hakuna mtu hujali inalipiwa na nani.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kakamega. Mdogo wangu anacheza winga kwa klabu moja ndogo ya huku magharibi, sitaitaja jina, nia yangu si kuaibisha mtu. Alipoumia hakuna aliyemgusa. Alidaka mpira, akataka kumhepa beki, mguu ukakwama kwa nyasi mwili ukageuka peke yake, na sisi tuliokuwa karibu na laini tukasikia paap! Wenzake wakadhani anajilaza apumzike. Barafu ilitoka kwa kuli boksi ya mama wa soda, na hospitali akapelekwa na boda, yeye katikati mimi nyuma, mguu tumeushikilia usikunjike. Tukaambiwa ameteguka tu, apumzike kidogo atakuwa sawa. Akapumzika, akakandwa na mzee mmoja ambaye timu zote zinamjua, uvimbe ukaisha, akajaribu kukimbia na goti likachomoka tena. Ni picha ya MRI ya Eldoret ndiyo ilisema ukweli, ile ligamenti ya ndani ya goti, mkanda unaoshikilia mifupa, wanayoiita ACL imekatika yote.

Hapo sasa Wakenya tunajua kazi yetu. Grupu ya WhatsApp ikafunguliwa usiku huohuo, mweka hazina akachaguliwa, kanisa likatoa, vijana wa steji ya boda wakatoa, hata timu pinzani ilituma kitu na sitasahau hilo. Operesheni ikalipwa. Picha yake akiwa kitandani ameinua dole gumba ikazunguka kila mahali, na baada ya hapo grupu ikageuka ya kutumiana vichekesho na hongera za bathdei.

Kumbe kazi ndiyo ilikuwa inaanza. Daktari alitueleza polepole nikaelewa, kwamba ligamenti ikikatika hivyo mara nyingi hawaishoni tu, wanachukua kano kutoka sehemu nyingine ya mwili wako, yeye walitoa nyuma ya paja, wanaipitisha ndani ya mfupa na kuifunga. Lakini hiyo kano haigeuki kuwa ligamenti siku hiyo. Mwili unaanza kuijenga upya, na miezi ya kwanza inalegea kwanza kabla ya kupata nguvu. Ndiyo maana wanasema angalau miezi tisa kabla ya kurudi kwa raga. Shida ni kwamba ikifika mwezi wa nne mtu anatembea vizuri, magongo yamewekwa kando, goti halijavimba, na kila anayekutana naye sokoni anamuuliza, “bado tu? Unarudi lini?” Kocha naye anauliza. Hayo maswali ndiyo huwarudisha vijana tiata kufanyiwa operesheni tena.

Halafu utasikia mtu anasema mbona Siya Kolisi, yule mchezaji wa raga wa Afrika Kusini, alirudi haraka. Ni kweli, Kolisi aliumia goti Aprili 2023 akichezea klabu ya Sharks dhidi ya Munster, Agosti akawa amerudi Cardiff kucheza na Wales, na Oktoba 28 pale Paris akainua Kombe la Dunia baada ya Afrika Kusini kuwafunga New Zealand 12-11. Nililia pia, sikatai, mtoto wa mtaa maskini wa Zwide jameni. Lakini ligamenti yake ilichanika kidogo, haikukatika yote, na alikuwa na watu wa kumwangalia goti asubuhi mchana jioni, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake na ndiyo ilikuwa kazi yao. Kama ni kulinganisha tulinganishe na Antoine Dupont wa Ufaransa, ambaye ligamenti hiyohiyo ilikatika Dublin Machi 2025 akakaa nje mpaka Novemba, na huyo ni mtu ambaye klabu yake ingelipa chochote arudi mapema. Mchezaji wa klabu ya kijijini asubuhi yuko kwa kibarua, jioni ndiyo anakumbuka ana goti.

Fizio anataka umuone mara kwa mara kwa miezi mingi. Kuna pesa yake, kuna nauli ya kwenda na kurudi, na kuna ile siku hujafanya kazi. Mdogo wangu alienda mara chache za kwanza akaanza kukosa, ukimuuliza anasema leo najisikia poa. Alikuwa ananidanganya, hakuwa na nauli na aliona aibu kuomba tena watu walewale waliomchangia. Nilipojua tukaongea na fizio, mama mmoja mwenye roho safi, akakubali tumuone mara moja moja na katikati atupe mazoezi ya nyumbani. Basi sebule ikawa jimu. Zile blada za kufungia mizigo kwa boda tulifunga kwa mguu wa kitanda akawa anavuta nazo. Tepu yangu ya kupimia nguo ikapata kazi mpya, kila Jumapili napima paja la kushoto na la kulia mahali palepale juu ya goti naandika kwa daftari la wateja. Mwanzo paja lililofanyiwa operesheni lilikuwa limenyauka hadi suruali zake nilizipunguza upande mmoja. Baadaye kukawa na kuruka kwa mguu mmoja kwa uwanja, tunachora na chaki alipofika, mguu mbaya ukikaribia kufika ulipofika mzuri ndiyo fizio anafurahi.

Kitu ambacho tepu haikupima ni uoga. Paja lilijaa lakini yeye akawa anageukia upande mmoja tu, hata akikimbia na watoto hapa nje. Alitoka kwa grupu ya timu bila kusema. Mechi zikipigwa kwenye Showground alikuwa anapitia barabara ya mbali asisikie watu. Huyu ni kijana ambaye zamani ungemfungia nyumbani angetokea dirishani aende mazoezi. Nani anamlipa mtu wa kuongea naye hayo? Hakuna, alipata mzee mmoja aliyechezea timu zamani ambaye alikuwa anakuja jioni wanakaa wanakunywa chai wanaongea kuku na mahindi, na polepole raga ikaingia kwa hayo maongezi.

Alirudi msimu huu. Akawekwa benchi na jezi namba 23, akaingia mechi ikiwa karibu kuisha na tayari tumefungwa. Mama alikataa kuja, akawa ananipigia simu kila saa, “ameanguka? Ameanguka?” Mpira wa kwanza ulimpita. Wa pili ukaletwa na jitu la fowadi likija moja kwa moja, nikafunga macho, nikafungua wako chini wote wawili na yeye ndiye aliyeamka kwanza. Benchi lote liliingia uwanjani mpaka refa akakasirika. Alilia yeye, nikalia mimi, na mama kwa simu akadhani ameumia tena akaanza kupiga nduru.

Sasa ombi langu. Kakamega tunajivunia timu yetu ya Kabras Sugar na vikombe vyake vya Kenya Cup, ligi kuu ya raga, na ukienda mashindano ya Prinsloo kule Nakuru ama Dala hapo Kisumu utaona mashabiki tunavyotoa pesa bila kuhesabu. Klabu ndogo ndizo zinaleta hao wachezaji. Kwa hivyo kabla ya msimu klabu ihakikishe kila mchezaji amelipiwa SHA, ile bima ya afya ya serikali, maana wengi hawana mshahara na kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo si rahisi kwa mtu wa vibarua. Na sisi wa michango, tukiitisha pesa ya operesheni tuitishe na ya fizio siku hiyohiyo, bajeti moja, tumpe mweka hazina awe analipa kidogo kidogo mpaka fizio mwenyewe aseme kijana acheze. Kama kuna klabu tayari inafanya hivyo iandike hapa tujue inapangaje.

Na wale wenzangu wa ile grupu, mnaona ninayoandika. Yule kijana wa skramu aliyefanyiwa operesheni baada ya mdogo wangu ameacha kwenda fizio. Namba ya mweka hazina bado ni ileile.

Dada wa winga,
Lurambi, Kakamega