Orlando ilikuwa na mabingwa kabla ya Magic

Ndugu Mhariri,

Katika makala yenu ya Jumapili kuhusu miji ya Marekani na timu zake, mwandishi wenu kasema Orlando haikuwahi kuwa na timu ya kulipwa hadi Magic walipoingia NBA, ligi ya mpira wa kikapu, mwaka 1989. Sivyo. Mimi naishi Orlando, na wazee wa hapa mtaani ukiwatajia Panthers bado wanachangamka.

Panthers ilikuwa timu ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wa umbo la yai. Msomaji aliyezoea Simba na Yanga aelewe jambo moja kwanza: huku kwa kawaida timu si ya wanachama. Ni mali ya mwenye leseni, na akiona biashara imelala, anafungasha virago. Panthers walipatikana hivyo. Walikuwa Newark, jirani na New York, wakiitwa Bears. Mwaka 1966 wakahamishiwa Florida. (Mtu ajaribu kuihamishia Yanga Mtwara aone.)

Ligi yao, Continental, ilianza 1965 ikiota kuzifuata NFL na AFL, ligi kubwa za futiboli za wakati huo, kwa ukubwa. Msimu wao wa kwanza Orlando, Panthers walifika fainali wakafungwa na Philadelphia 20-17 katika muda wa nyongeza. Mwaka 1967 wakatwaa ubingwa kwa 38-14, na 1968 wakaurudia kwa 30-23, mara zote mbili wakiwachapa Orange County Ramblers wa California. Kwotabeki wao, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, Don Jonas, alikuwa mchezaji bora wa ligi miaka mitatu mfululizo. Uwanja wao uliitwa Tangerine Bowl, jina la machenza, maana wakati huo eneo hili liliishi kwa mashamba ya michungwa. Mimi mtoto wa Muheza, kwenye machungwa tele, jina hilo hunichekesha kila nikipita hapo, ingawa siku hizi wamelibadilisha.

Kilichowaua si kufungwa. Ligi haikupata fedha za televisheni za kuitosha, ikavunjika baada ya msimu wa 1969, na Panthers wakaingia Atlantic Coast, ligi ndogo zaidi. Huko, tarehe 15 Agosti 1970, walimwingiza uwanjani Pat Palinkas, mwalimu wa shule, amshikie mpira mumewe apige teke. Katika futiboli ya kulipwa hakuna mwanamke aliyemtangulia kucheza na wanaume. Mpira wa kwanza ulimponyoka, na mlinzi wa Bridgeport Jets hakumhurumia: alimkumba akamwangusha. Mama akainuka, akarudi kushika mingine. Wapo waliosema ni ujanja wa kuuza tiketi. Huenda, lakini mbavu zilizogonga ardhi zilikuwa zake.

Msimu huo ukawa wa mwisho. Hata mwaka haukupita, Disney wakafungua bustani yao ya burudani hapa Oktoba 1971, watu na fedha vikamiminika.

Jonas alikuwa ameshakwenda Kanada, ambako mwaka huohuo wa 1971 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi ya huko. Chuo Kikuu cha Central Florida, kilichopo hapahapa Orlando, kilipoanzisha timu yake ya futiboli mwaka 1979, kocha wa kwanza alikuwa yeye. Naomba mwandishi wenu asahihishe.

Msomaji wenu wa Muheza,
Orlando, Florida