Usirudishe Kanzu Bado

Hamilton, Ontario
12 Oktoba 2025

Ndugu yangu Shabani,

Salamu nyingi kwako, shemeji na watoto. Huku sote wazima, majani yameshaanza kupukutika.

Barua yako nimeirudia mara mbili. Unasema kikundi cha maigizo unakiacha, kwamba mtu wa miaka 34 anayeshinda karakana akichomelea mageti na grili hana tena anachotafuta jukwaani. Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu tarehe 1 mwezi uliopita alifariki Graham Greene (si yule mwandishi Mwingereza, huyu ni mwigizaji wa Kanada), naye kabla ya sanaa alikuwa fundi wa kuchomelea.

Alizaliwa 1952 huko Ohsweken, kwenye Six Nations, ardhi ya wenyeji wa asili, jirani na hapa ninapokaa. Kabila lake Oneida, mojawapo ya makabila ya wenyeji hao. Alichomelea vyuma, akahudumia mitambo ya sauti ya bendi za roki, na miaka ya sabini akaingia kwenye tamthilia. Filamu yake ya kwanza ilitoka 1983. Piga hesabu mwenyewe alikuwa na miaka mingapi.

Jina lilivuma 1990, kwa filamu ya Dances with Wolves. Humo ni Kicking Bird, mtu mwenye hekima wa Walakota, kabila jingine la wenyeji, na Kilakota hakikuwa lugha yake, alifundishwa. Kuna mahali mwanajeshi wa kizungu anatambaa chini akijifanya nyati. Mlakota mwingine anaona huyu karukwa na akili. Greene anamtazama tu, kimya, hadi uso wake unafunguka polepole: tatanka! Nyati! Shabani, mtazamo ule ninaujua. Niliuona kwako siku ulipoigiza yule mzee anayempokea mkwe asiyemtaka. Hukusema neno, na ukumbi mzima ukanyamaza.

Alipendekezwa kwa Oscar, tuzo ikaenda kwa mwigizaji mwingine, Joe Pesci. Kazi haikukatika: filamu ya The Green Mile mwaka 1999, Shylock wa tamthilia ya Shakespeare kwenye jukwaa la Stratford hapa Ontario 2007, na mwaka 2023 bado alikuwa kwenye runinga, kwenye tamthilia ya The Last of Us.

Itafute filamu hiyo ya 1990, mtazame na shemeji. Kisha niandikie, lakini kabla hujamrudishia mwenyekiti kanzu ya yule mzee.

Ndugu yako,
Athumani