Mgonjwa wa kisukari akitetemeka mpeni sukari, siyo matusi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo linaniuma, na nadhani likisomwa na watu wa stendi na masokoni linaweza kuokoa mtu. Ni kuhusu sukari kushuka. Ile ya kupanda tumehubiriwa vya kutosha, hapa Moshi kila mtu anajua mgonjwa wa kisukari hatakiwi soda wala chai ya sukari, mpaka kwenye sherehe ukoo mzima unamchunga asionje keki. Ila ya kushuka watu hawaiongelei kabisa, na hiyo inaweza kumwangusha mtu ndani ya dakika chache tu.

Mimi nauza nafaka pale Mbuyuni na nyumbani ninaye mama mkwe anayechoma insulini, kwahiyo dalili nazijua kwa kuziona. Juzikati alikuja sokoni mzee mmoja mteja wa jirani yangu, anaongea maneno hayaeleweki, anayumba, shati limelowa jasho na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi, watu wakaanza kucheka eti Meku (yaani mzee) leo mbege kaiwahi, kijana mmoja akamsukuma atoke kwenye magunia. Yule mzee pombe hajawahi kuigusa! Nikamwita dada wa chai akakoroga sukari vijiko vinne kwenye maji, tukamkalisha akanywa mwenyewe taratibu, baada ya kama robo saa akaanza kutushangaa, anauliza nyie mbona mmenizunguka. Kumbe alimeza vidonge vyake alfajiri akawahi gari bila kula kitu, akijua atakula mjini.

Sasa nawaomba wasomaji muelewe hapo. Dawa ndiyo inayoshusha, yaani insulini au vidonge kama glibenklamaidi vinaendelea kufanya kazi hata kama tumboni hamna kitu, ndo maana mtu akiruka mlo au akizidisha dozi sukari inapitiliza kwenda chini. Anayemeza vidonge vya metformini peke yake ni mara chache kumkuta. Kwenye mashine ya kupimia inayosoma kwa mmol/L ikisoma chini ya 4 hiyo imeshuka, chini ya 3 ni hatari kubwa, lakini pale sokoni nani anatembea na mashine, kwahiyo unaangalia mtu. Anatetemeka mikono, jasho jembamba, moyo unamwenda mbio, njaa ya ghafla, macho yanaona ukungu. Ikizidi kushuka inafika kwenye ubongo, hapo ndo anakuwa mkali bila sababu, anaongea kama mlevi, anasahau alipo, mwisho anaweza kupata degedege na kuzimia. Na baadhi ya dawa za presha zinaficha ule mtetemeko na mapigo ya moyo, jasho ndo linabaki, kwahiyo msilidharau jasho.

Kinachonisikitisha zaidi ni majumbani. Mtu anatetemeka mbele ya watoto wake na wanakataa kumpa soda kwa sababu daktari alikataza, wanaona wakimpa watamuua! Jamani hapo sukari ndo dawa yenyewe. Mpeni vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwenye maji au nusu chupa ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari maana haisaidii kitu, asali pia inafaa. Subirini dakika 15, mkiwa na mashine mpimeni, kama bado rudieni. Akipata nafuu ndo ale chakula chenyewe, mtori au chai na mkate, la sivyo itashuka tena. Chokoleti siyo ya kuitegemea wakati huo, mafuta yake yanaichelewesha. Na kama hamna uhakika sukari imepanda au imeshuka mpeni tu, hicho kikombe kimoja hakitamdhuru kama kushuka kunavyoweza kumdhuru, ila kumchoma insulini kwa kubahatisha msithubutu.

Akiwa amezimia hapo ni tofauti kabisa, msimmiminie chochote mdomoni atapaliwa. Mlazeni ubavu mkimbize hospitali, Mawenzi au KCMC popote palipo karibu, wamwekee glukosi kwenye mshipa. Tena hao wa vidonge kama glibenklamaidi, hasa wazee na wenye shida ya figo, hata wakizinduka wakasema wako poa wapelekwe tu, kwa sababu dawa inaweza kukaa mwilini hata masaa 24 na sukari ikamshuka tena usiku wamelala.

Halafu kuna haya mambo yetu ya huku. Mtu kachoma insulini yake, kaenda kukata majani ya ng'ombe kwenye miteremko tangu asubuhi, jioni kapitia kilabuni kanywa bila kula, hapo amejiweka pabaya, maana pombe inazuia ini lisitoe sukari ya akiba na ikishuka usiku watu wote wanasema kalewa. Kwaresma na Ramadhani nazo zina watu wanafunga kimyakimya bila kumwambia daktari awapangie dozi upya. Nawasihi mkaongee naye kabla. Na madereva mnaochoma insulini pimeni kabla hamjashika usukani, ukihisi dalili ukiwa njiani paki pembeni kwanza.

Nyie wenye kisukari msitoke bila sukari mfukoni, hata glukosi ya unga kwenye kikaratasi, na muwe na kadi iliyoandikwa una kisukari, ukichanganyikiwa upewe kitu cha sukari, pamoja na namba ya ndugu. Vijana wa bodaboda na makonda, mkimkuta mtu mzima anayumba saa tatu asubuhi mwulizeni kwanza, shikamoo mzee, una kisukari, umekula? Kama anaweza kumeza mchukulieni soda hapo kwa Mangi, hela tutachanga.

Ombi langu la mwisho kwako Mhariri, kama gazeti lina daktari anayewaandikia mwombe atuandikie kuhusu watoto wanaochoma insulini wakiwa shuleni. Mtoto sukari ikimshuka darasani anasinzia, anakuwa mkaidi, hesabu alizokuwa anaziweza zinamshinda, na mwalimu asiyejua anaweza kumchapa au kumtuma ofisini peke yake. Walimu waambiwe wasimwache atembee peke yake akiwa hivyo, na wamruhusu kula pipi yake darasani bila kunyoosha mkono kuomba.

Mfanyabiashara wa nafaka,
Pasua, Moshi