Barua ya malalamiko: viungio vya mabomba ya faibaglasi mlivyofukia kituoni kwangu

Tanga,
16 Juni 2025

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Ujenzi wa Vituo vya Mafuta,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: VIUNGIO VYA MABOMBA YA FAIBAGLASI VINAVYOVUJISHA PETROLI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu, pamoja na barua yenu ya wiki iliyopita inayosema bomba limeachia kwa sababu malori yalipita juu ya zege kabla halijakomaa. Nimeisoma mara tatu na sikubaliani nayo. Kiungio kilichoachia nimekiweka stoo, na chenyewe kinatoa ushahidi.

Mnakumbuka kwa nini nilikuja kwenu. Kituo changu kiko karibu na bahari, ardhi ina chumvi, na mabomba ya chuma aliyoyalaza marehemu baba yalikuwa yameliwa na kutu hadi kutoboka. Mkanishauri niweke faibaglasi, yaani plastiki yenye nyuzi za kioo, kwa kuwa haishiki kutu, nami nikauza kiwanja ili niimudu bei yake. Bomba lenyewe silisemi vibaya hata leo. Lina muhuri wa UL 971, kiwango cha Marekani cha mabomba yasiyo ya chuma yanayopitisha mafuta chini ya ardhi, na tulipofukua tulilikuta zima, halina ufa wowote. Iliyoachia ni gundi.

Dalili zilianza Mei. Petroli iliyokuwa ikitoka kwenye tenki ilizidi ile iliyosomeka kwenye pampu. Nikamwagiza kijana wangu apime tenki kwa fimbo tukifunga usiku, na tena alfajiri kabla ya kufungua. Usiku haikupungua hata mara moja. Mchana zilipotea lita 30 hivi, na siku za gulio, magari yakiwa mengi, zilipita 50. Hapo nikajua tenki halina tatizo. Mota iliyozama ndani ya tenki husukuma mafuta kwenye bomba pale tu mteja anapojaziwa, kwa hiyo mafuta yanayopotea wakati wa kuuza tu yanapotelea kwenye bomba. Tarehe 29 mama jirani akaniletea ndoo ya maji ya kisima chake. Harufu ilimtangulia mlangoni.

Tulipofukua, elbo, yaani kiungio cha kona, iliyo chini ya pampu ya pili ilichomoka kwa mkono. Kwa mkono, Ndugu Meneja, bila nyundo wala msumeno. Ndani yake gundi ilikuwa ngumu upande mmoja, na upande wa pili ilinata kama ulimbo. Ncha ya bomba bado inang'aa vilevile ilivyotoka kiwandani. Msasa haukuigusa. Fundi yeyote wa faibaglasi anajua kwamba gundi hii ya epoksi haishiki penye mng'ao: unasugua mpaka mng'ao uishe, unafuta vumbi kwa kitambaa safi kikavu, hushiki tena kwa vidole, na unapaka gundi papo hapo. Kama ni lori lililovunja, gundi ingepasuka na kubaki imeng'ang'ania pande zote mbili. Hii imebanduka nzima kwenye bomba, ikabaki ndani ya elbo na kuliacha bomba tupu.

Siku ile ya Aprili mlipounganisha mabomba nilikuwepo. Msimamizi wenu alimimina nusu ya kopo la gundi, akatia kigumishi kwa kukadiria kwa macho, akasema nusu nyingine ni ya mchana. Makopo yale mawili, la gundi na la kigumishi, hupimwa kiwandani ili yachanganywe yote kwa pamoja. Ukiyagawa kwa macho, sehemu moja haitakauka kamwe. Mchanganyiko ule ukakaa juani mpaka ukaanza kupata moto na kuwa mzito, na bado ukapakwa. Baadaye manyunyu ya masika yakaanza, na nailoni ikaletwa mabomba yakiwa yameshalowa. Nilipouliza, nikajibiwa, "Mzee tulia, kazi hii tunaifanya kila siku." Nikatulia, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mkataba wetu unasema kwamba kabla ya kufukia, mabomba yatajazwa hewa kwa presha mara moja na nusu ya ile ya kazi, kwa saa nzima, na kila kiungio kipakwe povu la sabuni mbele yangu. Jumatatu nilikuta mtaro umeshafukiwa, mawe makubwa yamelala juu ya bomba. Geji ya kupimia presha sikuiona. Karatasi ya kipimo mliyonitumia haina sahihi yangu kwa sababu sikuitwa.

Ninachotaka ni viungio vyote vya njia zote tatu vifunguliwe. Kutengeneza elbo moja hakutoshi, kwa kuwa mikono ni ileile na gundi ni ileile. Msije kuvizungushia kitambaa na gundi kwa nje. Vikatwe, viwekwe fitingi mpya. Bomba lilale juu ya mchanga safi au kokoto ndogo, unene wa milimita 150. Kipimo kifanyike nikiwepo, na tafadhali sana msilete kompresa: mabomba haya yameshapitisha petroli, na kushindilia hewa penye mvuke wake ni kucheza na roho za watu. Tumieni naitrojeni.

Gharama za kufukua, za udongo uliolowa na za petroli niliyopoteza nimeziambatanisha. Nawapa siku 14. Taarifa ya uvujaji nimeshaipeleka EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, na NEMC, baraza la mazingira, kwa sababu yameguswa maji wanayokunywa watu.

Mafundi wenu wakaribishwe waje wakione kile kiungio, ila hakitatoka stoo. Na kabla ya yote hayo, yule mama jirani ananunua madumu sita ya maji kwa siku tangu tarehe 29 Mei, ana wajukuu wanne ndani. Anzeni na yeye wiki hii hii.

Wenu,
Mwenye kituo