Daftari lifunguliwe kabla mtoto hajarudishwa nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na walimu na wazazi wa watoto wenye usonji hapa Dodoma. Mimi ni mchambuzi wa tabia. Wengi wakisikia hivyo hudhani nafundisha watoto adabu, kumbe kazi yenyewe ni kutafuta sababu ya mtoto kufanya anachofanya, kisha kumfundisha njia nyingine ya kupata kile kile anachokihitaji.

Mwaka jana mama mmoja wa Nkuhungu aliniletea mwanawe wa miaka minane. Shule ilishamwambia akae naye nyumbani mpaka atulie. Mtoto hasemi. Alikuwa akijing'ata mkono wa kushoto, pale kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, hadi ngozi ikawa ngumu kama ya kisigino. Jirani alisema ni mapepo. Mwalimu alisema hapendi uji, maana ilikuwa kila saa nne, uji unapogawiwa.

Niliomba apokelewe tena kwa wiki mbili, nami nikae nyuma ya darasa na daftari la safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Alijing'ata mara 14. Mara 11 kati ya hizo, rimu la gari lililotundikwa kwenye mwarobaini jirani na dirisha lao lilikuwa limetoka kugongwa. Uji alikuwa anaunywa vizuri tu. Kengele ndiyo iliyomuumiza, na hakuwa na neno la kutuambia.

Rimu likahamishiwa ng'ambo ya uwanja. Tukamfundisha kutoa kadi yenye picha ya sikio. Akiitoa, anasindikizwa nje hapo hapo. Nasema hapo hapo kwa sababu ukichelewa, kadi inabaki karatasi tu na mkono unarudi mdomoni. Sasa yuko darasani. Mvua ikipiga bati bado anahangaika, na hilo tunaendelea nalo.

Sifichi kwamba fani hii ina doa. Miaka ya 1960 kule Marekani, mwanasaikolojia Ivar Lovaas na wenzake walitumia makofi na hata shoti ya umeme kwa watoto. Watu wazima wenye usonji wamelalamikia hayo, na pia kulazimishwa kumtazama mtu machoni au kuacha kupunga mikono. Wana haki kabisa. Mtoto akipunga mikono kwa furaha, jamani, mwacheni apunge.

Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinataka adhabu isizidi viboko vinne, na kila inapotolewa iandikwe kitabuni. Kwa hiyo kuandika shuleni si jambo geni. Ninachowaomba maofisa wa elimu maalumu wa Dodoma Jiji, Chamwino na Bahi ni hiki: kila kitengo cha elimu maalumu shuleni kiwe na daftari la safu tatu, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya tabia kabla halijajazwa kwa wiki mbili na mzazi kulisoma. Gharama yake ni kauntabuku moja.

Mwalimu wa kitengo anayetaka kuonyeshwa namna ya kulijaza, niko tayari kukaa naye Jumamosi yoyote, bila malipo.

Mchambuzi wa tabia,
Dodoma