Mpishi wa Pangani naye alikuwa Kibo

Mhariri,

Kila ikikaribia Oktoba 6 tunasimuliwa yale yale: mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Siku hizi tunamtaja na Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayesimuliwa kuwa aliwaonyesha njia, wala sina ugomvi na hilo. Ninayemsemea mimi ni Mwini Amani, mtu wa Pangani.

Meyer mwenyewe kamwandika. Wapagazi wengine waliachwa chini. Amani akabaki na wale wawili kambi ya juu, kama mita 4,300, akiokota kuni na kupika. Oktoba 3 walifika ukingo wa kreta, lile shimo la volkano juu ya mlima, wakiwa hoi kwa kukata vidato kwenye barafu. Kilele kilikuwa bado mbele, wakageuza. Siku tatu baadaye wakapanda tena, wakafika. Walikula chakula cha nani katikati hapo?

Nimekuwa mgumu, kama tunavyojiita wapagazi, njia ya Marangu, kisha nikawa mpishi. Ukishafika kambi ya Horombo, juu mlimani, maji yanachemka upesi lakini hayaivishi. Maharage unayabandika mchana, usiku bado yanagonga sufuria kama kokoto, na mgeni anauliza kama tayari. Mimi nilikuwa na gesi na koti zito la mtumba. Yule mtu wa minazi na bahari sijui alijifunika nini.

Tena mwaka mmoja kabla, 1888, Meyer alitekwa na watu wa Abushiri, aliyewapinga Wajerumani pwani, katika vita vilivyoanzia hapo hapo Pangani, akakombolewa kwa fedha. Safari iliyofuata akapikiwa na Mpangani! Hili peke yake lingetosha kumsimulia mgeni jioni nzima.

Mlimani kuna vituo vya ukingoni: Gillman's, na Stella, jina la mke wa mpandaji, na kuna pango la Hans Meyer tunapowapumzisha wageni usiku wa kupanda. Majina si msahafu: kilele chenyewe kiliitwa kwa jina la Kaiser Wilhelm, leo ni Uhuru. Basi wahusika wa hifadhi wamtafutie Amani pa kuandika jina lake. Siombi kilele. Hata mlango wa jiko la Horombo.

Mpishi mstaafu,
Marangu