Ukienda kumwombea mgonjwa, kaa chini kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na waumini wenzangu tunaomiminika wodini saa za kuona wagonjwa, hasa Jumapili jioni. Nia ni njema, lakini mara nyingi tunamwacha mgonjwa amechoka kuliko tulivyomkuta.

Watu saba wakisimama kuzunguka kitanda, aliyelala hapo anajiona kama mshtakiwa. Waingie wawili, wakae usawa wa macho yake, wamuulize anataka aombewe nini. Huenda asitaje uponyaji kabisa. Atataja ada ya mtoto, deni, au usingizi uliomkimbia. Mwombee hilo, dakika mbili au tatu, kwa sauti isiyofika kitanda cha pili, maana huko kuna mwenye maumivu yake na pengine dini yake.

Usimweleze kwa nini anaumwa. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno. Hapo walikuwa wafariji kweli. Waliharibu walipoanza kumtafutia dhambi, na mwishowe Mungu mwenyewe akawakasirikia. Anayemwambia mgonjwa "ungekuwa na imani ungeshapona" anawafuata hao. Afadhali amsomee Zaburi ya 13, inayoanza kwa kumuuliza Bwana "hata lini?" Mgonjwa akisikia kilio chake kimo ndani ya Maandiko, haoni tena haya kulia. Mwislamu naye aombewe dua fupi ya Mtume, laa ba'sa twahuurun inshaallah (yaani si neno, ni utakaso, Mungu akipenda), na akumbushwe kwamba asiyeweza kusimama huswali akiwa amekaa, au hata amelala. Wako wanaoacha swala kwa kudhani kitanda kimewafungia mlango.

Wenye mafuta ya upako wayapake mkononi au kwenye paji la uso, yasiguse kidonda wala plasta ya dripu, kwa kuwa itabanduka na sindano itachomoka. Anayepumulia oksijeni asipakwe usoni: mafuta karibu na oksijeni huongeza hatari ya moto. Na uji mliobeba, mwulizeni muuguzi kwanza. Anayesubiri upasuaji akila, chakula kinaweza kurudi akiwa kwenye usingizi wa dawa na kuingia mapafuni.

Linaloniumiza zaidi ni kauli ya "umepona, acha dawa." Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa miezi 6: miwili kwa dawa za aina nne, minne iliyobaki kwa aina mbili. Baada ya wiki chache tu kikohozi hupungua na hamu ya kula hurudi, na hapo ndipo ushuhuda hutolewa kanisani na vidonge vikatupwa. Vimelea vilivyobaki huamka, safari hii pengine vikiwa sugu kwa dawa zile zile. Kwa mwenye kisukari anayeishi kwa insulini hatuzungumzii hata miezi. Akiiacha, siku chache zinaweza kumuua. Hakuna andiko linalomtaka mtu athibitishe imani yake kwa kutupa vidonge. Paulo alimsindikiza Timotheo kwa maombi, na bado akamwambia atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake.

Kwa hiyo kabla ya kusema amina, mwulize tarehe yake ya kliniki, na kama nauli ipo.

Mhudumu wa wagonjwa,
Morogoro